Mdogo wangu ana MS iliyo katika hatua za mwanzo na amepimwa kuwa na ApoE4: je, ndiyo inayomsahaulisha?

KakaMkubwa

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mambo ya ubongo na vinasaba. Mdogo wangu wa kike ana miaka 31 na ni mhasibu. Mwaka jana jicho lake la kulia liliuma kwa siku kadhaa, kisha likafifia kwa takriban wiki tatu, na baada ya kuzungushwa kutoka kliniki moja hadi nyingine kwa miezi, hatimaye daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliziangalia picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo, akapima maji ya uti wa mgongo, na kutuambia kwamba ni multipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, ikiwa bado katika hatua za mwanzo. Jicho limerudi karibu kama zamani. Anatembea vizuri, na asiyejua hawezi kumdhania kuwa ni mgonjwa.

Kinachotusumbua ni kichwa. Mtu aliyezoea kujumlisha safu ndefu ya hesabu bila kunyanyua kalamu, leo anairudia mara tatu na bado hajiamini. Kwenye vikao, watu wawili wakizungumza kwa kupokezana haraka, yeye hubaki nyuma. Majina ya wateja humtoka mdomoni, ingawa humrudia baadaye akiwa ametulia. Nilipomuuliza daktari, alisema kwa kifupi kwamba MS ni ugonjwa wa miguu na macho, na kwamba huenda ni wasiwasi tu.

Hapo ndipo binamu yetu anayeishi Ujerumani alipoingilia kati kwa nia njema. Alimtumia kile kifaa cha kutemea mate kinachouzwa mtandaoni, na majibu yakaja kwamba ana nakala moja ya aina ya 4 ya jeni ya ApoE. Binamu akasoma mahali kwamba hiyo ndiyo "jeni ya usahaulifu", na tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Shangazi anasema ugonjwa umetoka upande wa mama, mama amenyamaza kabisa, na mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka 24, anataka apimwe naye ili ajue kama zamu yake inakuja.

Nauliza hivi: je, ni kweli kwamba MS inaweza kugusa uwezo wa kufikiri mapema kiasi hiki? Kama ndivyo, je, ApoE4 ndiyo sababu? Na je, kuna jeni yoyote ambayo ikipimwa leo itatuambia akili yake itakuwa wapi baada ya miaka 10?

Mwanamaabara

Ndugu KakaMkubwa, pole wewe na familia, na pole ya pekee kwa mdogo wako. Mimi si tabibu. Nafanya kazi katika maabara ya vinasaba, kwa hiyo nitashika upande wa jeni na kuwaachia wengine upande wa kliniki.

Nianze na ApoE, kwa kuwa ndiyo iliyoleta taharuki. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 19, na kazi yake ni kutengeneza protini inayobeba mafuta, ikiwemo kolesteroli, katika damu na katika ubongo. Ina aina kuu tatu, ya 2, ya 3 na ya 4. Tangu mwaka 1993 inafahamika kwamba aina ya 4 huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Alzheimer uzeeni, na jina la "jeni ya usahaulifu" limetokana na hapo. Watafiti wa MS waliikimbilia kwa sababu yenye mantiki: mayelini, ile ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva na inayoshambuliwa katika MS, haiwezi kukarabatiwa bila mafuta kusafirishwa hadi palipoharibika, na msafirishaji mkuu wa mafuta ndani ya ubongo ni hiyohiyo ApoE.

Mantiki ilikuwa nzuri, lakini ushahidi haukuifuata. Aina ya 4 haikuthibitika kuongeza uwezekano wa kupata MS. Kuhusu uwezo wa kufikiri wa wagonjwa, baadhi ya tafiti zilisema wenye aina ya 4 hufanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu, nyingine zilitafuta uhusiano huo zisiuone. Mkanganyiko wa namna hii una chanzo kinachojulikana. Chukulia una wagonjwa 100 na robo yao wana aina ya 4: unalinganisha watu 25 na watu 75, ambao wametofautiana kwa umri, kwa elimu, kwa dawa, kwa usingizi na kwa muda waliougua, na wewe unatafuta athari ndogo ya herufi moja katika vinasaba. Wachache tu wenye bahati mbaya wakiangukia upande mmoja, umepata "ugunduzi". Jeni ya BDNF, inayotengeneza protini ya kulisha na kuimarisha chembe za neva, ilipitia mkondo huohuo: badiliko lake maarufu, ambapo tofali moja la protini hiyo, valini, hubadilishwa na jingine, methionini, lilidaiwa na kundi moja la watafiti kuwa linawakinga wagonjwa wa MS na kundi jingine kuwa linawadhuru.

Sasa tutenganishe mambo ambayo binamu, bila kosa lake, ameyachanganya. Swali la nani atapata MS ni moja, la ugonjwa utakwenda kasi gani ni la pili, na la akili ya mgonjwa itastahimili kiasi gani ni la tatu. Mtu angetarajia jeni zilezile zijibu yote. Hazijibu.

Swali la kwanza ndilo tunalolijua vizuri. Tangu mwaka 1972 ilionekana kwamba MS ina uhusiano na jeni za HLA zilizo kwenye kromosomu ya 6, zile zinazoionyesha mifumo ya kinga vipande vya vijidudu ili itambue adui. Aleli, yaani toleo moja la jeni, iitwayo HLA-DRB1*15:01 huongeza uwezekano wa kupata MS takriban mara 3 kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti wa vinasaba vya MS, baada ya kulinganisha wagonjwa zaidi ya 47,000 na watu zaidi ya 68,000 wasio na ugonjwa, ulichapisha orodha ya tofauti 233 za vinasaba: 32 ndani ya eneo la HLA, 200 nje yake, na moja kwenye kromosomu X. Zilipochunguzwa zinafanya kazi wapi mwilini, nyingi zilikutwa katika chembe za kinga, zikiwemo zile za kinga zinazokaa ndani ya ubongo wenyewe.

Swali la pili lilikaa miaka mingi bila jibu, hadi mwaka 2023. Wagonjwa 12,584 walipangwa kwa kiwango cha ulemavu kulingana na umri wao, na tofauti moja, iliyo kati ya jeni za DYSF na ZNF638, ikajitokeza na kuthibitishwa katika kundi jingine la wagonjwa. Aliyerithi nakala mbili za tofauti hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi, alihitaji fimbo ya kutembelea mapema kwa wastani wa takriban miaka 3.7 kuliko asiye nayo kabisa. Lakini kilichonifanya nisome makala ile mara mbili ni hiki: safari hii ishara za vinasaba zilielekeza kwenye ubongo na uti wa mgongo, si kwenye chembe za kinga. Kwa maneno mengine, vinavyoamua kama moto utawaka si vilevile vinavyoamua nyumba itaungua kiasi gani.

Swali la tatu, ambalo ndilo lako, lina ushahidi mwembamba kuliko yote. Mfano mmoja mzuri ni utafiti wa San Francisco uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa kwa wagonjwa wapatao 500 wenye asili ya Ulaya. Wanawake wenye ile DRB1*15:01 walikuwa na madoa mengi zaidi kwenye MRI, ujazo wa ubongo uliopungua, na alama za chini kwenye kipimo kinachomtaka mtu asikilize tarakimu kila baada ya sekunde 3 na kujumlisha kila moja na iliyoitangulia. Hilo ni jambo la wastani wa kundi. Ukimchukua mwanamke mmoja mwenye aleli hiyo na mwingine asiye nayo, huwezi kusema yupi atakuwa mhasibu hodari baada ya miaka 10.

Kwa hiyo jibu langu la swali lako la mwisho ni hapana, hakuna jeni ya namna hiyo, na karatasi iliyotoka Ujerumani haielezi kinachomsibu mdogo wako.

Mzee_wa_Bandarini

Nawasoma kwa makini. Mniwie radhi kwa kuuliza la msingi: sisi tulifundishwa kwamba maradhi haya ni ya Wazungu wa nchi za baridi. Iweje yamfikie binti wa huku, na iweje jeni za Ulaya zitumike kumweleza?

Mwanamaabara

Shikamoo Mzee. Swali lako si la msingi tu, ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Ni kweli MS ni haba zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko Ulaya ya kaskazini, na sehemu ya maelezo imo kwenye historia ya wafugaji. Mapema mwaka 2024 watafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale walionyesha kwamba DRB1*15:01 na wenzake waliongezeka sana katika jamii za wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na kwamba wafugaji hao walizipeleka Ulaya yapata miaka 5,000 iliyopita. Inadhaniwa kwamba kinga kali iliwafaa watu walioishi bega kwa bega na mifugo na vijidudu vyake. Leo kinga hiyohiyo inawageukia wajukuu wao.

Hata hivyo "haba" si "hakuna". Utafiti uliofanyika kusini mwa California na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta wanawake weusi wakipata MS kwa kiwango cha juu kuliko wanawake weupe wa eneo hilohilo. Wamarekani weusi wana pia aleli yao ya asili ya Kiafrika, DRB1*15:03, ambayo nayo imehusishwa na MS. Uchache wa mashine za MRI na wa mabingwa wa neva katika nchi zetu nao unaficha wagonjwa tusioweza kuwahesabu.

Kuhusu kutumia jeni za Ulaya kumweleza binti wa huku, umegonga penyewe. Hata ApoE4 inayozungumzwa hapa haina uzito sawa kila mahali: utafiti uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionyesha kwamba uhusiano wake na Alzheimer ulikuwa dhaifu zaidi Ibadan. Ikiwa jeni hiyo inabadilika uzito kwa ugonjwa uleule ulioipa sifa, sembuse kwa MS?

Na KakaMkubwa, kwa kuwa mambo yalianzia kwenye jicho, muulizeni daktari kama alipima kingamwili za akwaporini-4, yaani zile zinazoshambulia protini yenye jina hilo. Kuna ugonjwa mwingine, neuromayelitisi optika, unaoshambulia macho na uti wa mgongo, unaofanana na MS na unaowapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi, na baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Inawezekana zimeshapimwa, kuuliza hakugharimu.

Rehema_N

Mimi naishi na MS kwa mwaka wa sita sasa, hapa Nairobi, na nimesoma swali la KakaMkubwa huku nikimwona dada yangu aliyenihangaikia kama yeye.

Naomba nimwambie mdogo wako jambo moja ambalo mimi sikuambiwa mapema: si mawazo tu, inatokea kweli. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kabla mguu wangu haujawahi kunisumbua hata siku moja, nilikuwa tayari nikisimama mbele ya darasa na neno nililolifundisha miaka minane linagoma kuja. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimechelewa. Nilipompata mtaalamu wa saikolojia ya neva aliyenipima, aliniambia kumbukumbu yangu inahifadhi vizuri ila mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba, na mfano huo ulinisaidia kuliko dawa. Siku hizi naomba kila kikao kiwe na ajenda iliyoandikwa, nasahihisha madaftari asubuhi kabla uchovu haujaanza, na siruhusu simu mezani ninapopiga hesabu za alama.

Nami nilipimwa jeni na jamaa wa nje, kwa kifaa kama hicho. Sikuwahi kuyafungua majibu, na sioni nilichokosa.

Saikolojia_ya_Neva

KakaMkubwa, nimefanya kazi ya kupima utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri na kukumbuka, wa wagonjwa wa neva kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nianze na swali lako la kwanza ambalo wenzangu wamelipita. Ndiyo, MS hugusa uwezo wa kufikiri, na huugusa mapema. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu jijini Paris mwaka 1868, alishataja kudhoofika kwa kumbukumbu na kupungua kwa kasi ya kuelewa mambo. Hata hivyo tiba iliyasahau maneno yake kwa karibu karne nzima, kwa sababu mguu unaoburuzika huonekana na fikra inayochelewa haionekani. Kwa vipimo vya kina, takriban nusu ya wagonjwa wa MS hukutwa na upungufu wa kiasi fulani, na kwa baadhi yao upungufu huo umekuwapo tangu tukio la kwanza la ugonjwa. Kinachotangulia kuguswa ni kasi ya kuchakata mambo, kisha uwezo wa kujifunza jambo jipya. Lugha na maarifa ya zamani hubaki imara kwa muda mrefu, na ndiyo maana watu wa nje hawaamini.

Kuna ushahidi wa Norway ninaoupenda sana. Vijana wa kiume wa huko walikuwa wakipimwa akili walipoitwa jeshini wakiwa na umri wa miaka 18 au 19. Watafiti walipozifuatilia kumbukumbu hizo, walikuta kwamba wale ambao dalili za kwanza za MS ziliwajia ndani ya miaka miwili baada ya kipimo walikuwa tayari na alama za chini kuliko wenzao, tofauti inayolingana na takriban alama 6 za kipimo cha akili. Hawakuwa wagonjwa bado, kwa maana ya kliniki, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi wa ugonjwa asioujua.

Sasa nimpinge Mwanamaabara kidogo. Nakubaliana naye kuhusu ApoE, lakini akisema vinasaba havina la kusema katika swali la tatu, amelifunga mapema. Kuna njia ya pembeni ambayo jeni hupitia. Watu hawaanzi ugonjwa wakiwa na mtaji uleule wa ubongo: kuna aliyezaliwa na uwezo mkubwa, akasoma, akafanya kazi inayomlazimu kufikiri, na madoa yaleyale kwenye MRI yanamyumbisha kidogo kuliko jirani yake. Tunaita hiyo akiba ya utambuzi. Akiba hiyo kwa sehemu ni ya kurithi, maana tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za uwezo wa akili kati ya watu wazima katika jamii zilizochunguzwa inahusiana na vinasaba, vilivyotawanyika katika maelfu ya sehemu, kila kimoja kikiwa na mchango mdogo mno. Na ule utafiti wa 2023 alioutaja yeye mwenyewe ulitumia vinasaba kama mizani na kupata dalili kwamba miaka mingi ya elimu inaambatana na ulemavu unaokwenda polepole. Shule ni jambo la jamii kuliko la damu, nadhani tunakubaliana.

Hilo lina maana ya moja kwa moja kwa mhasibu. Mtu mwenye akiba kubwa anaweza kuporomoka kutoka juu sana hadi kwenye wastani, na karatasi ya majibu ikaandika "kawaida". Kwake si kawaida. Kwa hiyo anachohitaji ni kipimo cha leo kitakacholinganishwa na cha kwake mwenyewe mwaka ujao.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Kinachotumika zaidi duniani kwa MS huchukua sekunde 90: mgonjwa anaonyeshwa alama tisa, kila moja ikiwa na tarakimu yake kuanzia 1 hadi 9, kisha anapewa mistari ya alama na kutaja tarakimu zake kwa kasi. Kupungua kwa majibu sahihi 4 au zaidi kati ya kipimo na kipimo ndiko tunakokuchukulia kwa uzito. Mwaka 2012 jopo la kimataifa lilipendekeza kiunganishwe na vipimo viwili vifupi vya kujifunza maneno na michoro, vyote kwa dakika 15, bila mashine wala maabara. Huku kwetu tunapata tabu na orodha ya maneno, kwani haitoshi kuitafsiri. Lazima itungwe upya kwa maneno ambayo msikilizaji anayatumia. Kipimo cha alama hakina tabu hiyo, kwa bahati nzuri, na tarakimu zetu kuanzia moja hadi tisa zote zina silabi mbili. Ila nimeona wengi wakianza kwa Kiswahili na kuhamia Kiingereza katikati wanapoharakishwa, kwa hiyo nawataka wachague lugha kabla sijabonyeza saa, na mwaka ujao watumie ileile.

Kabla ya kuitwisha MS lawama yote, waombeni wachunguze pia usingizi, upungufu wa damu, tezi ya shingo na sonona, na wapitie orodha ya dawa zote anazomeza. Haya yote hupunguza kasi ya kufikiri, na haya yanatibika.

KakaMkubwa

Nawashukuru wote kwa moyo. Nimekaa na mdogo wangu jana usiku na kumsomea majibu yenu, akalia kidogo nilipofika kwenye maneno ya Mwalimu Rehema, kisha akacheka.

Mambo mawili yamejitokeza. La kwanza, kuhusu dawa: amekuwa akimeza vidonge vya oksibutinini kwa ajili ya mkojo kwa miezi minne, na anapohesabu nyuma anaona kwamba usahaulifu ulizidi kipindi hichohicho, ingawa ule uzito wa kwenye vikao ulianza kabla. La pili, kingamwili za akwaporini-4 zilipimwa na hazikuonekana. Karatasi ilikuwa kwenye faili muda wote.

Limebaki suala la mdogo wetu wa mwisho, na la shangazi, ambaye sasa anauliza: kama si hiyo ApoE, basi hizo 233 zimetoka upande gani?

Saikolojia_ya_Neva

Oksibutinini inajulikana kwa hilo. Inaingia kwenye ubongo na kuzuia kemikali ambayo kumbukumbu inaitegemea. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake. Ampelekee daktari swali hilo, kwa kuwa zipo dawa nyingine za mkojo zisizougusa ubongo kiasi hicho. Ningependa kipimo cha kwanza kifanyike sasa na kirudiwe wiki kadhaa baada ya kubadilishwa dawa, ili tujue ni kiasi gani kilikuwa cha kidonge na kiasi gani ni cha ugonjwa.

Mwanamaabara

Nimeupokea upinzani wa Saikolojia_ya_Neva. Nilisema hakuna jeni moja ya kutabiri, na hilo nalishikilia. Lakini nilipaswa kuitaja akiba.

Kwa mdogo wenu wa mwisho: hata pacha wa kufanana kabisa na mgonjwa, mwenye vinasaba vyote sawa na vyake, hupata MS takriban mara moja tu kati ya nne. Kwa ndugu wa kawaida katika nchi zenye wagonjwa wengi, hesabu hushuka hadi kati ya 2 na 5 kwa kila 100. Kinachosalia ni mazingira, na kikubwa kinachojulikana humo ni virusi vya Epstein-Barr: mwaka 2022 utafiti wa askari zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kwamba uwezekano wa MS hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa, ilhali karibu kila mtu mzima duniani ameshaambukizwa na wachache mno ndio wanaougua. Kipimo cha mate hakitambadilishia binti huyo chochote anachopaswa kufanya. Kama anavuta sigara, aache. Hilo lina uzito kuliko nakala zote za ApoE.

Na mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba tofauti nyingi kati ya hizo 233 ni za kawaida kiasi kwamba karibu kila mtu hubeba kadhaa bila kuugua. Mgonjwa amezipokea kwa baba na kwa mama pia. Shangazi naye anazo zake, na kwa kuwa ni dada wa baba yenu, baadhi ya alizonazo mdogo wako huenda ni zilezile.

KakaMkubwa

Nimemsomea. Amesema atampigia mama jioni.